Dalali wa prisepta: unapolipa kutafutiwa kliniki ya NP Marekani, unanunua nini hasa?

Mwanafunzi wa NP (nurse practitioner, muuguzi wa ngazi ya juu anayetibu na kuandika dawa) kwenye programu ya mtandaoni Marekani huambiwa mapema kwamba kliniki atajitafutia mwenyewe. Uzito wa maneno hayo huja kuonekana miezi michache kabla ya roteshoni ya kwanza (kipindi cha mafunzo ya vitendo kliniki), chuo kinapodai jina la prisepta, leseni yake, wasifu wake na mkataba uliosainiwa, vyote kabla ya tarehe iliyowekwa. Asiye navyo hukaa nje muhula mzima. Prisepta ndiye mkufunzi wa kliniki: NP au daktari anayekubali ukae naye, uwaone wagonjwa wake chini ya jicho lake, kisha akusainie saa zako.

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara ya udalali. NPHub na PreceptorLink ni kati ya majina yanayotajwa sana. Nyuma yao ziko kampuni ndogo ndogo, na nyuma ya hizo wako watu binafsi wanaojitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Hapa hatupangi kampuni moja baada ya nyingine, maana bei na masharti yao hubadilika kila mara. Tunaipima huduma yenyewe. Na hukumu yetu ni hii: dalali hukuuzia kauli ya mtu mmoja kwamba amekubali. Saini ya mwanasheria wa hospitali hana uwezo wa kukuuzia, na wanafunzi wengi hukwama kwenye hiyo saini.

Aliyesomea uuguzi Nairobi au Dar es Salaam huona mpango huu kama kichekesho. Huko chuo ndicho humpeleka mwanafunzi wodini. Orodha hutoka na kila mtu huenda alikopangiwa. Hata Marekani, vyuo vyenye hospitali zao aghalabu hufanya hivyo. Ila vile vya mtandaoni, vyenye wanafunzi waliotawanyika majimbo mengi, vingi humwachia mwanafunzi mzigo. Na ndivyo vinavyowafaa Wakenya, Watanzania na Wakongomani wengi wa Minnesota, Texas au Massachusetts, waliopanda kutoka CNA (msaidizi wa muuguzi) hadi RN (muuguzi aliyesajiliwa), wenye shifti za usiku na watoto wa shule. Nao hawana mjomba daktari mjini wa kupigiwa simu. Soko la dalali lipo hapo.

Mahitaji nayo yamepanda. Viwango vya kitaifa vya elimu ya NP vilivyotolewa mwaka 2022 viliweka kima cha chini cha saa 750 za kumhudumia mgonjwa moja kwa moja, wakati hapo awali kipimo kilichozoeleka kilikuwa saa 500. Viti hivyo hivyo vinagombewa na wanafunzi wa udaktari na wa PA (msaidizi wa daktari), na baadhi ya vyuo vyao hulipa kliniki ili ziwapokee.

Kabla hujatoa hata senti, bana chuo chako kwanza. Viwango vya CCNE, chombo kinachoidhinisha programu nyingi za uuguzi, vinasema wazi kwamba programu ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha maeneo ya kliniki ya kutosha yapo. Kutamka tu kwamba chuo kina wajibu hakutakupatia kiti, lakini kunakupa haki ya kuuliza kwa maandishi. Swali lenye faida kuliko yote ni hili: "Naomba orodha ya kliniki zenye mkataba hai na chuo ndani ya maili 50 kutoka msimbo wangu wa posta (ZIP)." Ofisi ya kliniki inayo. Mara nyingi haiisambazi, kwa hiyo omba kwa barua pepe, si kwa simu, na uulize pia mkataba wa kila kliniki unaisha lini. Kliniki moja yenye mkataba tayari inaweza kukuokolea miezi miwili ambayo hakuna dalali awezaye kukuuzia.

Huduma inavyokwenda

Unajaza fomu: chuo, aina ya programu (FNP ya familia, PMHNP ya afya ya akili na kadhalika), roteshoni unayotaka, idadi ya saa, tarehe ya kuanza, ZIP na umbali unaoweza kuendesha gari. Baadhi hukuonyesha papo hapo orodha ya maprisepta waliopo, majina yakiwa yamefichwa, na bei ya kila mmoja kando. Wengine huanza kukutafutia upya baada ya kupokea arbuni. Akipatikana mtu, unalipa kiasi kilichobaki au unaingia mpango wa mafungu, ndipo unapewa jina kamili na karatasi zake za kupeleka chuoni. Sehemu ya pesa humfikia prisepta kama ahsante ya muda wake. Inayobaki ni ya dalali.

Bei mara nyingi hupigwa kwa saa. Tuseme ni dola 15 kwa saa. Roteshoni ya saa 180 ni dola 2,700. Ukinunua nne za hivyo, ni dola 10,800 juu ya ada ya chuo, na bado umepata saa 720 tu. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama huduma ni ghali. Jiulize ni roteshoni ipi inayostahili gharama hiyo.

Roteshoni ya watu wazima haistahili. Ofisi za huduma ya msingi ziko kila kona, NP wa familia ni wengi, na mtu aliyeanza kutafuta mapema hupata. Za watoto, afya ya wanawake na afya ya akili ni habari nyingine. Kwenye watoto, kliniki ni chache na zimejaa wanafunzi wa kila aina. Tena FNP mwenye wagonjwa wa rika zote anaweza kuwa na watoto wawili watatu tu kwa siku, jambo ambalo chuo hakitalikubali kama roteshoni ya watoto. Kwenye afya ya wanawake, baadhi ya wagonjwa hukataa mwanafunzi awemo chumbani wakati wa uchunguzi, hasa mwanafunzi wa kiume, kwa hiyo kliniki husita kumpokea. Kwenye afya ya akili, maprisepta wengi wana ofisi zao binafsi na huwaona wagonjwa kwa video, huku baadhi ya vyuo vikiweka kikomo cha saa za video. Ukiamua kumlipa dalali, mlipe kwa mojawapo ya hizi tatu.

Mambo huharibika wapi

Kwanza, mkataba. Chuo na kliniki lazima vitie saini mkataba wa ushirikiano kabla hujagusa mgonjwa. Ofisi ya daktari mmoja anayejimiliki inaweza kusaini ndani ya wiki, maana mwenye kliniki ndiye mwenye kalamu. Kliniki inayomilikiwa na mtandao wa hospitali hupeleka karatasi kwa idara ya sheria, na huko miezi miwili mitatu si ajabu. Kinachochelewesha mara nyingi ni aya moja tu: nani atabeba hasara mwanafunzi akimdhuru mgonjwa. Hospitali hutaka chuo kiahidi kuilipia. Vyuo vingi vya umma huzuiwa na sheria za majimbo yao kutoa ahadi ya namna hiyo. Basi rasimu hupigwa danadana kati ya wanasheria wawili ambao hakuna hata mmoja anayejua tarehe yako ya kuanza. Dalali hana sauti kwenye mazungumzo hayo. Mwulize mapema: kliniki hii ni ya nani? Nani anasaini? Imewahi kusaini na chuo changu? Akijibu "tutaona", hilo nalo ni jibu.

Pili, chuo kumkataa prisepta. Vyuo hudai awe na leseni safi katika jimbo la kliniki, cheti cha bodi kinacholingana na programu yako, na angalau mwaka mmoja wa kazi katika nafasi hiyo. NP wa familia anayeandika dawa za msongo wa mawazo kila siku bado anaweza kukataliwa kumfundisha mwanafunzi wa PMHNP. PA hukataliwa na vyuo vingi, au hukubaliwa kwa saa chache. Daktari hukubaliwa, ila kwa kawaida hawezi kubeba saa zako zote. Kliniki ya dharura ndogondogo ya mtaani inaweza isihesabiwe kama huduma ya msingi. Ndiyo maana karatasi za prisepta zifike chuoni, na jibu la "amekubaliwa" lirudi kwa maandishi, kabla ya malipo ya mwisho. Dalali anayegoma kutoa hata aina ya cheti na miaka ya kazi hadi ulipe kila kitu, achana naye.

Tatu, mpaka wa jimbo. Leseni yako ya RN lazima ifanye kazi mahali kliniki ilipo. Majimbo mengi yamo kwenye mkataba wa leseni ya pamoja, lakini Minnesota imebaki nje kwa miaka mingi ilhali majirani zake Wisconsin, Iowa na Dakota zote mbili wamo. Mwanafunzi wa Moorhead, Minnesota, akipata prisepta Fargo, dakika chache tu ng'ambo ya mto, anahitaji leseni ya North Dakota, na maombi hayo nayo huchukua wiki zake. Upande wa pili kuna kibali cha chuo chenyewe: bodi za uuguzi za baadhi ya majimbo, Washington ikiwemo, hutaka programu ya nje iwe imeidhinishwa kabla ya kuleta wanafunzi kliniki. Fomu ya dalali huuliza ZIP. Haikuulizi kama chuo chako kina kibali huko.

Nne, msongamano. Prisepta anayepata pesa kwa kila mwanafunzi ana sababu ya kupokea wengi. Kanuni inayofuatwa sana ni mwanafunzi mmoja kwa prisepta anayeona wagonjwa wake mwenyewe siku hiyo, na wawili ikiwa haoni wake. Ukikuta wanafunzi watatu wakisubiri kwenye ukumbi mmoja, mnachogawana ni kiti cha kutazamia, na saa za kutazama tu hazikufundishi kumhudumia mgonjwa kuanzia historia hadi mpango wa matibabu. Uliza idadi ya wanafunzi kwa siku, na iandikwe kwenye makubaliano.

Jambo la tano halistahili maelezo marefu. Wapo wanaouza saini. Hulipi kufundishwa, unalipa ili saa ujaziwe bila kukanyaga kliniki. Huo ni ulaghai, unakatisha masomo na unaweza kukugharimu hata leseni ya RN uliyonayo. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza operesheni iliyoitwa Nightingale, iliyofichua diploma bandia zaidi ya 7,600 kutoka shule za uuguzi za Florida, na waliozitumia wakaanza kufuatwa na bodi za leseni jimbo kwa jimbo. Mtu wa WhatsApp anayetaka umtumie pesa kwa Zelle leo, hana mkataba wala risiti, na anasema "saa si tatizo", mfutie namba.

Soma mkataba wa dalali hivi

Tafuta mstari unaosema kazi yao inahesabiwa imekamilika lini. Hapo ndipo pesa hupotelea. Mikataba mingine husema umeshapatiwa prisepta pale tu prisepta anapokubali. Kuanzia hapo pesa hairudi, hata chuo kikimkataa kesho yake au mkataba wa ushirikiano usiposainiwa. Unachotaka ni mstari unaofunga malipo ya mwisho na idhini ya chuo. Wakikataa, omba angalau kwamba chuo kikimkataa prisepta watafute mwingine bila malipo mapya, na kwamba asipopatikana kabla ya tarehe fulani urudishiwe chote isipokuwa arbuni. Andika tarehe yenyewe. "Ndani ya muda mwafaka" si tarehe.

Kisha angalia mambo matatu: nini hutokea prisepta akiacha kazi katikati ya roteshoni, unatozwa kiasi gani chuo kikisogeza tarehe ya kuanza, na kama bei ni ya saa ulizoomba au za siku utakazofika. La kwanza hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, maana NP nao hubadilisha kazi. Saa ulizokwisha fanya zikiwa zimesainiwa, hubaki zako. Zile zisizosainiwa huondoka naye.

Na kabla ya yote, soma sera ya chuo chako. Baadhi ya vyuo hukataza mwanafunzi kumlipa prisepta kwa namna yoyote, na dalali hatakukumbusha.

Kama unatafuta mwenyewe

Zana bora ni ya bure, na wachache huitumia ipasavyo: sajili ya NPI ya serikali ya Marekani. Kila anayetoza bima ana namba yake humo, pamoja na anwani ya kazi na simu. Fungua ukurasa wa kutafuta, weka ZIP au mji na jimbo, chagua mtu binafsi badala ya taasisi, kisha kwenye aina ya kazi andika Nurse Practitioner pamoja na eneo: Family, Pediatrics, Women's Health au Psych/Mental Health. Kila eneo lina msimbo wake. Wa familia ni 363LF0000X, wa watoto 363LP0200X, wa afya ya wanawake 363LW0102X, wa afya ya akili 363LP0808X. Msimbo utauona kwenye wasifu wa kila jina, na hukusaidia kutambua ambaye cheti chake kinalingana na programu yako. Rudia kwa kila ZIP unayoweza kufika. Anwani nyingine zimepitwa na wakati kwa sababu wenyewe hawakuzisahihisha, kwa hiyo piga simu kwanza uhakikishe bado yupo. Majina yenye anwani moja yaweke pamoja. Kliniki yenye NP wanne ni simu moja yenye nafasi nne.

Unapopiga, usiombe kuongea na NP. Yuko na mgonjwa. Omba jina na barua pepe ya meneja wa ofisi, maana ndiye anayejua kama wanapokea wanafunzi na nani anasaini mikataba. Barua yako iwe fupi, nayo itaje kwa mpangilio huu: programu na chuo, roteshoni, jumla ya saa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, siku unazoweza kufika kwa wiki, na kwamba bima na karatasi zako ziko tayari. Ambatisha wasifu wa ukurasa mmoja. Kichwa cha barua kiseme hasa unachotaka, kwa mfano saa 180 za watoto kuanzia Januari. Barua ya "naomba msaada" hupotea kwenye rundo.

Kifurushi cha karatasi kikamilike kabla ya barua ya kwanza: leseni ya RN, kadi ya BLS (mafunzo ya msingi ya kuokoa maisha), matokeo ya damu ya kinga ya surua, matumbwitumbwi, rubela na tetekuwanga, chanjo ya homa ya ini aina B pamoja na kipimo chake, chanjo ya Tdap (pepopunda, dondakoo na kifaduro) ndani ya miaka 10, chanjo ya mafua ya msimu, kipimo cha TB, uchunguzi wa rekodi za uhalifu, kipimo cha dawa za kulevya, mafunzo ya faragha ya wagonjwa, na bima ya makosa ya kitabibu ya mwanafunzi wa NP, ambayo kwa kawaida hudaiwa dola milioni 1 kwa tukio na milioni 3 au 6 kwa jumla. Waliochanjwa BCG utotoni, yaani karibu sote tuliozaliwa Afrika Mashariki, wasikubali kipimo cha TB cha ngozi kama cha damu kipo. BCG yaweza kuvimbisha ngozi bila ugonjwa, kisha ukaanza safari ya eksirei na barua za daktari wakati tarehe inakaribia. Omba cha damu, kama QuantiFERON.

Prisepta naye anapata nini? Hapa mwanafunzi anayejua mambo hushinda. Tangu Januari 2020 Medicare, bima ya afya ya serikali kuu hasa kwa wazee, inamruhusu prisepta kupitia na kuthibitisha maandishi ya mwanafunzi wa NP kwenye faili la mgonjwa bila kuyaandika upya. Hapo zamani mwanafunzi alimaanisha kazi mara mbili. Leo anaweza kupunguza kazi, mradi kliniki impe ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa rekodi. Wanaohuisha vyeti vyao nao wana faida: kwa bodi ya vyeti ya ANCC, saa 120 za kufundisha hutimiza kipengele kimoja cha kuhuisha, na bodi nyingine, AANPCB, huzihesabu kama sehemu ya mafunzo endelevu. Yataje haya kwenye barua kwa sentensi mbili. Wengi hawajui.

Kuna pia nafuu ya kodi kwenye majimbo kadhaa, miongoni mwao Georgia, Maryland, Colorado na Hawaii. Georgia ndiyo ya kuangalia kwa makini, maana inatuonyesha pesa ya dalali inavyoweza kugongana na pesa ya serikali. Huko roteshoni huhesabiwa kwa saa 160, na NP anayefundisha hupunguziwa dola 375 kwa kila moja ya tatu za kwanza, kisha dola 750 kwa kila moja kuanzia ya nne hadi ya kumi. Sharti ni kwamba asiwe amelipwa kwa kufundisha. Prisepta wa Georgia aliyepokea pesa kupitia kampuni hawezi kudai nafuu hiyo kwa roteshoni hiyo. Kwa hiyo ukiwa Savannah au Macon, unaweza kumwendea NP moja kwa moja na kumwonyesha kwamba akikupokea bure, serikali ya jimbo inamtambua. Ofisi za AHEC (vituo vya elimu ya afya vya maeneo) za jimbo ndizo zinazothibitisha saa hizo, na ofisi za AHEC za majimbo mengine pia husaidia kutafutia wanafunzi nafasi, hasa vijijini. Ni huduma isiyotozwa na isiyotangazwa sana.

Mahali pengine pa kubisha hodi ni vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu. HRSA, idara ya serikali kuu inayovipa ruzuku hiyo, ina ukurasa wa kuvitafuta kwa ZIP. Vina watoto, wajawazito na wazee chini ya paa moja, na wagonjwa wengi wahamiaji, ambao mwanafunzi anayezungumza Kiswahili au Kifaransa anawafaa kweli. Andika lugha zako juu kabisa ya wasifu. Kliniki yenye wakimbizi wa Kongo itakusoma mara ya pili. Ila usijitolee kuwa mkalimani wa bure wa jengo zima, maana saa za kutafsiri si saa za kliniki. Mwajiri wako naye ni mlango mzuri, kwa tahadhari moja: vyuo vingi havikubali ufanye roteshoni kwenye kitengo unacholipwa mshahara, wala chini ya bosi wako.

Anza miezi 9 hadi 12 kabla. Kwa hospitali za VA (za wanajeshi wastaafu) anza mapema zaidi, maana taratibu zao za kumwingiza mwanafunzi ni ndefu hata pale kila mtu anapokutaka.

Baada ya kupata kiti, linda saa. Muhula wa wiki 15 na roteshoni ya saa 180 kwa siku mbili za saa 8 kwa wiki hukuachia akiba ndogo: saa 16 kwa wiki hukamilisha 180 kwenye wiki ya 12. Mkataba ukichelewa wiki nne, zimebaki 11, na 16 mara 11 ni 176. Umepungukiwa saa nne kabla hujaugua siku hata moja, na kliniki haijafunga kwa sikukuu ya Thanksgiving. Kwa hiyo omba tangu mwanzo siku ya tatu ya akiba, iandikwe. Ingiza saa kwenye Typhon (mfumo wa kurekodi saa za kliniki) au mfumo mwingine wa chuo chako siku hiyo hiyo, na upate idhini ya prisepta kila wiki, Ijumaa kabla hajafunga kompyuta. Ukiwa umemlipa dalali, mtumie nakala ya jumla ya saa zilizosainiwa kila mwisho wa mwezi. Prisepta akiondoka ghafla, hiyo ndiyo karatasi itakayoonyesha ni saa ngapi bado wanadaiwa kukutafutia.